Familia ya Muheza: Zuu kaanza darasa la awali

*Jumatano jioni*

Zuu: Shikamooni wote. Jamani leo siku ya tatu nimerudi sauti imekata kabisa. Watoto 71 niko peke yangu, wengine wanalia toka saa moja na nusu mpaka uji unakuja, kuna mmoja kakumbatia nguzo ya mlango haingii wala haachii, nikimsogelea anapiga ukunga. Chuo tuliambiwa mwalimu mmoja watoto 25, hao 25 wako wapi 😭

Mama Zuu: Pole mwanangu. Chemsha tangawizi unywe kwanza

Mjomba Rajabu: Marahaba. Mi nilisema toka mwanzo, kwa division three ile ungeenda unesi. Miaka miwili chuoni Korogwe halafu unaenda kuimbisha watoto, tena kwa kujitolea, mshahara huna

Kaka Hamisi: Mjomba muache apumue kwanza

Shangazi Mwanaidi: Marahaba Zuu. Kaka Rajabu nakuheshimu sana ila hilo la kuimbisha hapana. Nimefundisha awali miaka 19. Yule mnayemuona yuko darasa la nne hajui kusoma mnamwita mzito, wengi wao si wazito, walirukwa huku chini. Sera ya elimu ya 2014 ndo ikafanya mwaka mmoja wa awali uwe lazima, 2016 ada ikafutwa, wazazi wakaleta watoto kweli, walimu ndo hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Hao 71 wa Zuu wametokea hapo

Shangazi Mwanaidi: Sasa mwanangu sikia. Wiki hii kazi yako ni majina na choo basi. Wewe ujue jina lake, yeye ajue lako, na umpeleke kwa miguu yake akaone choo kiko wapi. Nusu ya kilio cha wiki ya kwanza ni mkojo, mtoto kabanwa hajui aseme kwa nani. Na huyo wa mlangoni usimvute, tandika mkeka hapohapo alipo, weka kopo la vifuniko vya soda halafu mpe mgongo uendelee na wenzake

Zuu: Sawa shangazi. Na hao wengine 70?

Shangazi Mwanaidi: Wagawe makundi matano yaite majina ya matunda. Kundi moja linakaa na wewe, mengine kwenye kona, udongo, mchanga, vifuniko, picha. Dk 15 mpaka 20 mnabadilishana, ukizidisha hapo unagombana nao bure

Zuu: Tatizo lingine wazazi. Jana mama mmoja kaniuliza mbona daftari la mwanae tupu, mtoto wa jirani yuko inglishi midiam kashaandika a mpaka z

Shangazi Mwanaidi: Mwite aje darasani akae nusu saa aone. Vidole vya miaka 5 bado laini, ukimlazimisha penseli anaishika kwa ngumi kama mchi, mkono unamuuma, daftari analichukia kabla hajalijua. Wacha akande udongo wa kichuguu, atunge shanga, amenye karanga, vidole vikikaza penseli itakaa yenyewe

Kaka Hamisi: Niko na bibi hapa kasikiliza voisi zote, anasema niandike hivi: sisi kusuka tulianza na miyaa mibovu tuchezee, hakuna aliyetuletea mkeka akasema malizeni

Mama Zuu: Mama 🙏🏾🙏🏾

Kaka Hamisi: Shangazi na ajira je

Shangazi Mwanaidi: Akaunti yake ya Ajira Portal, ile tovuti ya kuombea kazi serikalini, iwe tayari, vyeti, NIDA, majina yafanane kote. Barua ya kujitolea aombe kwa mwalimu mkuu aitunze. Akiitwa shule binafsi aende ila mkataba uwe wa maandishi, aulize na NSSF. Mimi nilifanya shule moja miezi nane kwa maneno tu, nikaondoka na miezi mitatu hawajanilipa mpaka leo, bado inaniuma

*Ijumaa usiku*

Zuu: Shangazi!! Yule wa mlangoni leo kaachia nguzo. Ndani hajaingia ila kakaa kwenye mkeka kachambua vifuniko vyekundu vyote kavipanga mstari, hakuna aliyemwambia. Nikamuuliza unaitwa nani, akanitajia jina la mbuzi wao ❤️ Viboksi vyangu vya kupangia tu ndo vimelowa na mvua vyote vimelegea

Shangazi Mwanaidi: Alhamdulillah. Jumatatu sogeza mkeka kidogo tu kwa ndani

Mjomba Rajabu: Zuu hivyo viboksi ni vya ukubwa gani. Hapa karakana vipande vya mtiki vinabaki tunachomea tu

Zuu: Mjomba 😭 sm 5 kila upande, na vingine urefu mara mbili, ili viwili vidogo vilingane na kikubwa kimoja, hapo ndo hesabu inaanzia

Mjomba Rajabu: Sawa. Kona zote nitapiga msasa. Rangi sipaki, wataweka mdomoni. Vingapi?

Zuu: Kila kundi wakipata 30 watafurahi, makundi 5

Mjomba Rajabu: 150. Hamisi kesho saa mbili uwe hapa unishikie mbao