Kondoo wenye minyoo: mashudu, lusina, mwarobaini au mbegu za papai?

Mfugaji wa Magu: Wakuu, habari za majukumu. Kondoo wangu wanalisha pembeni ya majaruba ya mpunga, karibu na ziwa. Tangu mvua zianze wanakonda, na jike mmoja ana uvimbe laini chini ya taya. Kati ya hivyo vinne, nianze kuwaongezea kipi?

Mama Sengerema: Mimi huwapa mbegu za papai, nazikausha na kusaga, nachanganya na pumba. Wanakula bila shida.

Bwana Mifugo Mstaafu: Mwanangu, huyo mwenye uvimbe anyweshwe dawa ya minyoo leo. Uvimbe ule ni dalili kwamba protini ya damu imeshuka sana. Wote wapeleke juani, ufunue kope ya chini. Ukiona wekundu, bado yuko vizuri. Ukikuta weupe, damu imenyonywa na minyoo ya tumbo la nne, *Haemonchus contortus*. Jike mmoja wa mnyoo huo hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Hakuna jani litakalomwokoa kondoo wa hivyo kwa wakati.

Wenye kope nyekundu ndio wa kuwaongezea lishe, na kwao naweka mashudu ya pamba mbele. Protini inamsaidia kondoo kutengeneza damu na kuimarisha kinga. Wadogo usiwape, pamba ina sumu iitwayo gosipoli. Lusina, ule mti wa malisho, inafuata: majani yake yana protini, na tanini, ile kemikali ya ukakasi, inawabana minyoo kiasi. Isizidi theluthi moja ya chakula, maana ina mimosini, sumu inayonyonyoa manyoya. Mwarobaini siutegemei. Ni mchungu, wengi wanasusa, na majaribio yake yametoa majibu yanayopingana.

Kijana wa Ukerewe: Shikamoo mzee. Huku kisiwani mashudu ni ya kusafirisha, lusina iko kwenye uzio. Inatosha peke yake?

Bwana Mifugo Mstaafu: Marahaba. Inatosha, ila wachanganyie na nyasi. Na wasitoke na umande, viluwiluwi vya minyoo hupanda kwenye majani mabichi yenye unyevu.

Mfugaji wa Magu: Nimewakagua wote. Wawili kope nyeupe, watapata dawa pamoja na yule wa uvimbe. Mashudu nanunua kesho.

Bwana Mifugo Mstaafu: Vizuri. Peleka na kinyesi maabara ya mifugo wakipime. Majarubani kuna konokono wanaobeba minyoo ya ini; minyoo hiyo nayo huleta uvimbe uleule, na si kila dawa ya minyoo inaiua.