Mjadala: Polisi wafungue simu zetu ili kuokoa maadili?

Kila likitokea la aibu mtandaoni, siku mbili hazipiti utasikia kauli ileile: maadili yameporomoka, serikali iwe kali, watu wafuatiliwe. Kwamba yameporomoka nakubali. Ninachobisha ni dawa yenyewe. Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane: polisi wakiwa na sababu ya msingi waishike simu ya mtu, ila kuifungua na kusoma yaliyomo iwe kwa amri ya hakimu. Kushika ni jambo moja, kufungua ni jingine.

Nianze na tukio lililo gumu kwa upande wangu. Agosti 2024 ilisambaa video ya binti akifanyiwa ukatili wa kingono na kundi la vijana, na waliorekodi ni wao wenyewe. Nchi ilichafukwa. Watu wakakamatwa, kesi ikasikilizwa Dodoma, na tarehe 30 Septemba mwaka huohuo washtakiwa wanne wakahukumiwa kifungo cha maisha, kila mmoja na fidia ya shilingi milioni moja kwa yule binti. Wapo wanaosema: umeona? Bila ile video kusambaa, wale wangekuwa wanadunda mtaani mpaka leo. Hapo kuna ukweli na siukwepi. Lakini upelelezi ulihitaji nakala moja tu mezani kwa mpelelezi. Zile nyingine zilizopita kwenye magrupu ya kazini, ya kikoba na ya ukoo zilikuwa za kumsaidia nani? Mahakama ilisikiliza kesi faraghani ili kumsitiri binti, huku sisi nje tunaulizana nani anayo airushe. Mpaka leo watu wanamtaja kwa jina la mtaa wake, kisha wanasema wanamtetea.

Halafu kumbukeni lililofuata. Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Dodoma wa wakati ule alinukuliwa gazetini akisema binti yule alikuwa kama anajiuza. Makao makuu ya polisi yakaomba radhi na kumhamisha. Vizuri. Ila mtazamo ule haukuwa wa mtu mmoja, na kumhamisha mmoja hakukuuondoa. Ukiingia kituoni kulalamika kwamba picha zako zimevuja, swali la kwanza mara nyingi ni kwa nini ulizipiga. Huyo anayeuliza hivyo ndiye tunayetaka kumwachia simu za mabinti zetu azipekue kwa hiari yake, eti analinda maadili?

Mimi kuporomoka ninakokuona ni huku kwetu watazamaji. "Naomba koneksheni", yaani video ya ngono iliyovuja, wanaandika watu wazima wenye familia, wengine Ijumaa wako safu ya mbele, wengine Jumapili wako kwaya. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kusambaza ngono mtandaoni. Kwa hiyo msiniambie sheria hakuna.

Tuje kwenye upekuzi wenyewe. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, familia, unyumba, maskani na mawasiliano yake, kisha inaacha nafasi ya sheria kuweka utaratibu wa kuiingilia haki hiyo. Sasa isome sheria ile ya 2015. Kifungu cha 31, mkuu wa kituo akiridhika kwamba kuna sababu, anaidhinisha kifaa kikamatwe na kupekuliwa. Kifungu cha 32, anaweza kuamuru data itolewe. Mahakama inaingia pale polisi wanapokwama. Yaani anayeomba ruhusa na anayeitoa wanakunywa chai kantini moja! Kenya, kwa sheria yao ya 2018, mpelelezi anatakiwa kwenda mahakamani kuomba hati kwanza, na uhalifu wa mtandaoni bado wanaupeleleza.

Mtaani hata huyo mkuu wa kituo hahusiki. Doria inasimamisha bodaboda saa nne usiku. Leseni ipo, kofia ipo. "Fungua simu." Kijana anafungua. Afande anaanza na picha, anahamia WhatsApp, anaufungua ujumbe wa sauti wa mchumba wa watu, mwenzake anacheka. Mwisho anatazama salio la M-Pesa, na upelelezi unaishia hapo kwenye salio.

Najua jibu litakalokuja: kama huna cha kuficha unaogopa nini? Ninavyo vya kuficha, tena vingi, na hakuna hata kimoja ambacho ni kosa la jinai. Majibu ya hospitali, madeni, ugomvi wa mirathi na ndugu zangu. Vyote vimo humo kwenye simu.

Tena faragha tulishaitoa, tukaahidiwa malipo yake. Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Watu walipanga foleni NIDA, kwenye ofisi za vitambulisho vya taifa, tangu alfajiri kwa sababu tuliambiwa utapeli utadhibitiwa. Leo hii bado tunapokea "ile hela itume kwenye namba hii". Kabla ya kuombwa sehemu nyingine ya faragha yetu, tungepewa kwanza hesabu ya ile ya mwanzo.

Hoja ya wapinzani wangu ninayoiheshimu ni ya muda. Mtoto ametekwa, mtekaji mmoja yuko mikononi, simu yake ina majibu. Huwezi kusubiri Jumatatu. Sawa, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai tayari ina kifungu cha 42 kwa upekuzi wa dharura. Kitumike, kisha hakimu aelezwe kilichofanyika na kwa nini. Kwa mengine yote simu izimwe mbele ya mwenyewe na shahidi, iwekwe kwenye bahasha, isainiwe, mtu apewe stakabadhi yake. Awepo hakimu wa zamu anayepatikana hata usiku, kama daktari. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 irudishwe bungeni, maana kwa vyombo vya dola imeacha mlango mpana mno. Askari atakayevujisha kitu kutoka kwenye simu aliyoishikilia ashtakiwe kwa kifungu kilekile cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, asihamishwe mkoa tu.

Haya, mnaotaka ifunguliwe papo hapo, nijibuni hili: picha za binti yako zikivuja kutoka kwenye simu iliyokuwa imeshikiliwa kituoni, utakwenda kufungua jalada kituo gani?