Ukoo wa Mzee Kombo: Safari ya Muheza

*Jumatano*

18:52 *Da Rehema*: Assalamu alaykum wanaukoo. Jumamosi saa 11 alfajiri tunaondoka Dar, Corolla la Mzee linabeba watu watano na masufuria. Sasa Juma ananiambia gari linamisi, injini inakatika-katika. Nataka jibu leo, siyo Ijumaa usiku.

18:53 *Da Rehema*: @Sefu

19:05 *Da Rehema*: Nawaona mmesoma. Watu 14.

19:20 *Juma*: Kwenye foleni linatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinacheza. Ukipandisha mlima halivuti. Likishika kasi linatulia kidogo.

19:21 *Mama Tatu*: Linatetemeka kama mwanakikoba siku ya marejesho 😂😂

19:22 *Da Rehema*: Mama Tatu tafadhali

19:40 *Sefu*: Juma, nenda nyuma usikilize bomba la moshi. Linakatika kwa mpangilio, au sailensi, yaani mngurumo gari likiwa limesimama, inapanda na kushuka yenyewe?

19:44 *Juma*: Kwa mpangilio kaka. Nimeweka kiganja, pumzi inaruka kila baada ya muda uleule.

19:47 *Sefu*: Basi kuna silinda imelala, haichomi petroli. Ingekuwa inapanda na kushuka ningekutuma kwanza kwenye throto, mlango wa hewa ya injini, na mipira ya hewa.
Liache sailensi. Chukua koleo lenye mpini wa mpira, vuta kofia za waya za plagi, moja moja. Ukivuta injini ikazidi kulegea, hiyo silinda ni nzima, irudishe. Ukivuta na hakuna kilichobadilika, mgonjwa ndiye huyo. Namba 1 ni ya upande wa mikanda.

19:48 *Sefu*: Waya uliouvuta usiuache unaning'inia. Uchomeke kwenye plagi ya zamani, chuma cha plagi kiguse injini. Umeme ukikosa pa kwenda unaua koili. Na usizidi sekunde kumi, petroli isiyoungua inakwenda kuharibu katalisti, kile kisafisha moshi.

19:55 *Baba Mdogo Athumani*: Kwani plagi si zilibadilishwa Ramadhani? Tulichanga hapa hapa.

19:56 *Da Rehema*: Baba mdogo hayo tuyaache leo

19:56 *Baba Mdogo Athumani*: Nauliza tu. Na jeki ilirudi?

19:57 *Mama Tatu*: 👀

20:02 *Shemeji Bakari*: Mpulizieni ubani, hilo siyo misi, hilo lina mwenyewe

20:31 *Juma*: Namba 3. Nimevuta, injini haikujali kabisa. Halafu kofia ya waya imetoka na oili.

20:32 *Sefu*: USIFUNGUE PLAGI. Tundu lina oili, ukifungua sasa hivi yote inamwagikia ndani ya silinda. Zima, injini ipoe. Oili ivute kwa bomba la sindano, ukaushe kwa kitambaa kilichozungushiwa bisibisi. Ndiyo uingize spana ya plagi namba 16.

20:33 *Da Rehema*: Kwa hiyo Jumamosi tunaondoka au hatuondoki?

21:10 *Juma*: [picha]

21:10 *Juma*: Ile sehemu nyeupe ya plagi ina mstari mweusi toka juu mpaka chini. Ncha imelowa petroli.

21:14 *Sefu*: Umeme unateremka kwenye huo mstari na kuishia kwenye chuma, ncha haipati kitu. Ndiyo maana petroli iko mbichi. Plagi imeonewa tu. Chini ya kifuniko cha valvu kuna raba za duara zinazoziba matundu ya plagi, zimekakamaa, oili inapita. Weka plagi mpya bila kubadilisha raba, tutarudi hapa hapa.

21:15 *Baba Mdogo Athumani*: Ndicho nilichosema Ramadhani. Nikaambiwa fundi wa mtu anajua.

21:16 *Da Rehema*: Baba mdogo, mlisema wenyewe hela ya fundi mwingine hakuna.

21:19 *Sefu*: Juma andika. Gasketi ya kifuniko cha valvu pamoja na raba zake nne, mwambie muuza spea injini ni 5A-FE. Plagi nne, mwanya wa ncha milimita 0.8, upime mwenyewe usiamini boksi. Waya: pima ukinzani kwa mita, unaozidi kiloomu 25 tupa. Wa namba 3 tupa hata ukisoma vizuri, raba yake imeshakunywa oili. Fungua na distributa, kigawa umeme wa plagi, ukiona ufa au alama za moto ndani ya kofia, ongeza kofia na rota.
Nati za kifuniko usizikaze kwa hasira, gasketi inajikunja na oili inavuja upya. Plagi mpya zungusha kwa vidole mpaka ikae, kisha spana nusu duara, basi.

21:21 *Da Rehema*: Haya michango. Nakili jina lako uongeze.
1. Rehema 30,000
2.
3.

21:40 *Da Rehema*: Jamani

21:52 *Sefu*:
1. Rehema 30,000
2. Sefu, kazi yangu bure
3.

22:05 *Ba'mkubwa*: Nimesoma yote. Gari hilo halibebi mtoto wa mtu mpaka Sefu alisikilize kwa masikio yake. Na habari ya Ramadhani isitajwe tena humu.

22:06 *Mama Tatu*: Sawa Ba'mkubwa 🙏

22:06 *Shemeji Bakari*: Tumesikia mzee

22:07 *Baba Mdogo Athumani*: Sawa kaka.

22:15 *Sefu*: Shikamoo Ba'mkubwa. Niko Morogoro mpaka Ijumaa, nikiwahi basi nitafika jioni. Juma ukimaliza kufunga na namba 3 bado imelala, usinunue kitu kingine, tafuta geji ya kompresheni, ya kupima mgandamizo ndani ya silinda. Moja ikisoma chini ya kilo 10 na wenzake 12 au 13, siyo mambo ya plagi tena.

22:17 *Da Rehema*: "Nikiwahi" siyo jibu Sefu. Nikodi Noah au nisikodi?

22:41 *Juma*: Dada, spea nanunua kwa hela ipi? Halafu nimemulika buti, jeki kweli haipo.

23:34 *Halima*: Ndiyo natoka shifti. Niandikeni elfu kumi, natuma mwisho wa mwezi. Sare ni dera au kitenge?