Naomba ushauri: chembe za chuma kwenye grisi ya beringi ya kreni

Wakuu, jukwaa letu la kazi baharini liko Bahari ya Kaskazini, upande wa Uingereza. Sampuli za grisi ya beringi ya kuzungushia kreni zinaonyesha chembe za chuma zinazidi, nyingine bapa na zinang'aa. Lakini ulegevu wa beringi uliopimwa kwa geji bado uko ndani ya kikomo cha mtengenezaji.

Kanuni za LOLER za 1998 (za Uingereza, kuhusu vifaa na kazi za kunyanyua) zinataka ukaguzi wa kina kila miezi 12, au 6 kwa kreni inayoinua watu. Kuinua watu kumesimamishwa, na hilo halina mjadala: beringi ikivunjika, kreni nzima inaweza kung'oka.

Je, tupunguze pia uzito wa kunyanyua kutoka melini, ambako mawimbi huongeza mshtuko, au kwanza tusukume grisi mpya kreni ikizunguka, tuchukue sampuli tena? Na boliti zinazoshika beringi, mnazipima kwa mawimbi ya sauti au mnafungua chache mzikague?