Leseni za programu kwenye NGO ndogo, nyie mnafanyaje?

mama_mwaloni
Wakuu habari za jioni. Nipo NGO moja ndogo hapa Mwanza, ofisi iko Kirumba, tunafanya kazi na akina mama wachakataji wa dagaa, mialo ya Igombe na Kayenze na kidogo Ukerewe. Sasa kuna mfadhili mpya, kabla hajasaini anataka jedwali la kila programu tunayotumia na leseni yake, na mkaguzi wa mahesabu naye kashaanza kuuliza hayohayo. Kompyuta ziko tisa, nimezikuta zimeshapigwa Windows na Office na fundi wa mjini, risiti hakuna. Bajeti ya leseni tisa haipo jamani. Ukiniambia "weka za bure" basi niambie na zipi, maana huku kila fundi ana lake.

fundi_buzuruga
Pole dada. Kabla hujatoa hata mia pima kila mashine kwanza. Fungua Command Prompt, andika slmgr /dli, gonga enta, kitatokea kidirisha. Ukikuta OEM_DM hiyo Windows imekuja na mashine toka kiwandani, ni halali yako, iandike kwenye jedwali. Ukikuta VOLUME_KMSCLIENT hapo kuna walakini, hiyo ni ya taasisi zenye mkataba wa jumla na Microsoft, sasa ofisi ya kompyuta tisa Kirumba imeipata wapi 😂 Na usishangae, mafundi wengi wanafuta Windows halali wanapiga ya kwenye flashi yao, wakati mashine za toka enzi za Windows 8 kuja juu namba ya leseni huwa imo kwenye mazabodi, ukiirudisha aina ileile, Home kwa Home, inajitambua yenyewe ikipata intaneti.

Kwenye Office ndo usihangaike, weka LibreOffice, ni ya bure na inafanya kazi za Word na Excel. Mashine ambazo hazina leseni kabisa, na zile za Windows 10 ambazo hazipandi 11 (Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025), piga Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows.

mhasibu_nyegezi
Fundi nakubali ila mashine ya mhasibu usiiguse na Linux yako. Programu za mahesabu kama Tally zimetengenezewa Windows, na wafadhili wanatuma fomu za Excel zenye makro (amri ndogo zinazojiendesha ndani ya faili), ukifungulia LibreOffice unakuta vitufe havijibu na ripoti inatakiwa kesho asubuhi. Hiyo moja nunueni leseni muiweke kwenye bajeti ya utawala, wafadhili wengi hawakatai.

Halafu dada, Microsoft wana mpango wa mashirika yasiyo ya faida, mkithibitishwa mnapata Business Basic (kifurushi cha Microsoft 365) bure hadi watumiaji 300. Ila hiyo Word na Excel ni za kwenye brauza na simu, sio za kuinstoli, bando likiisha umekaa. Zile Business Premium 10 za bure watu wanazozisimulia bado walishaziondoa mwaka 2025, usipange bajeti kwa hadithi.

data_visiwani
Kwa kazi ya mwaloni sahauni Excel, tumieni KoboToolbox au ODK, zote ni huria. Fomu unaipakua kwenye simu ukiwa ofisini, unavuka na kivuko hadi Ukerewe, unajaza siku nzima bila mtandao, ukirudi penye intaneti zinapanda zenyewe. Ramani tumia QGIS. Ila majina na namba za simu za hao mama ni taarifa binafsi, kuna sheria ya 2022, kwahiyo msigawane akaunti moja ofisi nzima.

mama_mwaloni
Asanteni sana. Sasa hizi za bure kwenye safu ya leseni naandika "haina"?

fundi_buzuruga
Hapana dada usiandike hivyo, mkaguzi atakurudisha. Zina leseni, tena zimeandikwa vizuri kuliko hizo za kununua. LibreOffice andika MPL 2.0, kernel ya Linux (kiini cha mfumo) GPL toleo la 2, QGIS nayo GPL. Safu ya risiti weka linki ya ukurasa ulikopakulia na tarehe. Kuzitumia ofisini, hata ukiziweka kwenye mashine mia, hudaiwi kitu wala hulazimiki kutangaza chochote, masharti ya GPL yanaanza pale unapompa mtu mwingine nakala. Leseni ya kuangalia ni AGPL, mfano programu ya CiviCRM ya kutunza wanachama, mkiibadilisha wenyewe halafu wanachama wakaitumia mtandaoni inabidi muwape na msimbo (source code) mliobadilisha. Mkiitumia kama ilivyo hamna shida.

mhasibu_nyegezi
Na fonti dada. Fomu ya mfadhili ikija na Calibri hakikisha kwenye Mint kuna Carlito, upana wa herufi ni uleule, la sivyo jedwali la ukurasa mmoja linahamia wa pili na bosi atasema programu mbovu.