Mdogo wangu wa miaka 22 alipata kiharusi, mkono wa kulia umegoma. Mazoezi gani tufanye nyumbani?

Bajaji Rangi Tatu
Wakuu habari za usiku. Naandika nikiwa kijiweni nasubiri abiria, mnisamehe makosa ya uandishi.

Nina mdogo wangu wa kike, miaka 22, alikuwa chuo mwaka wa pili. Mwezi wa tano alianguka bafuni. Kuja kumtoa, upande wote wa kulia hauna nguvu na mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Alilazwa wiki tatu. Sasa mguu unarudi, anashika ukuta hadi chooni mwenyewe, ila mkono unaning'inia tu. Kuongea ndiyo mtihani. Anaelewa kila kitu, lakini akitaka maji anasema "kiatu", na akigundua amekosea analia. Cha ajabu, Baba Yetu anaisali mwanzo hadi amina bila kukwama.

Mazoezi ya hospitali tulikuwa tunaenda mara tatu kwa wiki, elfu 15 kila tukienda, weka na usafiri. Hela imekata. Bima ya chuo nayo ilikufa alipoahirisha masomo. Huu ni mwezi wa tano tangu aanguke, na nimesikia ukivuka miezi sita bila mkono kurudi ndiyo basi tena. Naomba mazoezi ya mkono ya kufanya nyumbani. Maza ni mtu mzima, na mimi natoka saa 11 alfajiri.

Kinoo Mwisho wa Lami
Pole mkuu. Ila hawa mabinti wa siku hizi na vinywaji vya kuongeza nguvu, kope za bandia, kulala saa nane usiku, tutazika wengi.

Dada Mwajuma
Kope zinaingiaje kwenye kiharusi jamani? Nimezibandika tangu Idi, nijiandae?

Mjomba Nyundo
Usikate tamaa kijana. Baba mkwe wangu kule Moshi alikuwa fundi seremala, kiharusi kikampiga mkono uleule wa kazi. Hakuna daktari aliyemponya. Kila asubuhi alikuwa anashika randa kwa mkono mzima, anaulazimisha ule mbovu ukae juu yake, anasukuma. Mwaka wa pili akatengeneza stuli. Imepinda, lakini ni stuli. Shida ilikuja alipofariki, wale mashemeji zangu wawili wakaigombea hiyo stuli kuliko hata kihamba, shamba la ukoo. Mmoja mpaka leo haongei na mwenzake. Mali ni kitu kibaya sana.

Bi Sauda wa Pangani
Mwanangu, mkandeni kwa maji ya moto sana yenye chumvi ya mawe asubuhi na jioni, kisha mafuta ya nyonyo. Na msiache dua.

Mama Viungo
Bi Sauda shikamoo. Dua na mafuta sawa, maji ya moto sana hapana. Upande ule unaweza usisikie moto vizuri, ataungua bila kujua. Nimeshafunga vidonda vya namna hiyo.

Bajaji, nimefanya kazi ya mazoezi tiba miaka 14. Hiyo ya miezi sita watu wanaielewa vibaya. Mwili hurudi kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo, kisha kasi inapungua. Mlango haufungwi. Nimeona mtu anafungua vidole mwaka wa pili.

Kitu kikubwa, msimwinue kitandani kwa kumvuta huo mkono. Misuli imelegea, bega litateguka, na maumivu yake yatamfanya akatae zoezi lolote. Akikaa, mkono ulale juu ya mto. Na wekeni kando mipira ya kuminya, najua mmeshanunua. Vidole vyenyewe tayari vinataka kukunja, ninyi mnavifundisha kukunja zaidi. Mpeni kazi: afute meza kwa kitambaa, mkono mzima juu ya ule mbovu, mbele na nyuma. Achambue maharage hata kama inachukua saa nzima. Akunje kanga. Si mara kumi uende kulala, ni mamia kila siku, ndiyo maana inataka mtu wa kukaa naye.

Baba Yetu si ajabu. Sala na nyimbo alizozizoea huwa zinabaki wakati maneno ya kutunga yamepotea. Imbeni naye. Mkimuuliza, mpeni la kuchagua, maji au chai, kisha msubiri. Msimmalizie maneno.

Sasa na mimi niulize. Mtu wa miaka 22 walisema kiharusi kilisababishwa na nini? Na mchana anabaki na nani?

Bajaji Rangi Tatu
Ubarikiwe mama. Sababu walishaeleza, hiyo siyo mada ya leo. Mchana yupo na maza, ila Ijumaa hii anakwenda Namtumbo kwa shangazi yetu. Kule kuna watu wengi nyumbani, hewa safi, chakula cha shamba. Mazoezi nataka niyaandike kwenye karatasi aende nayo.

Mama Viungo
Kwa hiyo tiketi imeshakatwa.

Bajaji Rangi Tatu
Imekatwa juzi. Ila bado napokea ushauri.

Dada Mwajuma
😂😂 Anapokea ushauri wa kufunga mizigo.

Zamu ya Usiku
Mkuu, jibu swali la mama. Sababu ilikuwa nini? Mimi ni nesi, siulizi kwa umbea.

Bajaji Rangi Tatu
Moyo. Utotoni alikuwa anaumwa sana koo, kisha magoti yakawa yanavimba, tukadhani anakua. Kumbe valvu za moyo zinaliwa. Alifanyiwa upasuaji akiwa na miaka 17, akawekewa valvu ya chuma. Usiku kukiwa kimya unaisikia inagonga tik tik kama saa ya ukutani. Haya, imesaidia nini? Mimi nimeuliza mkono.

Zamu ya Usiku
Imesaidia kila kitu. Valvu ya chuma maana yake warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote. Damu ikiwa nzito, bonge linajitengeneza kwenye valvu, likichomoka linakwenda kichwani, hicho ndicho kiharusi. Ikiwa nyepesi kupita kiasi anavuja damu ndani. Ndiyo maana wanapima INR, kipimo cha damu inavyoganda. Kwa wengi wenye valvu ya chuma upande wa kushoto wa moyo, ile iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini, inatakiwa iwe 2.5 hadi 3.5, lakini fuata waliyomwandikia yeye. Huko Namtumbo atapima wapi? Mara ya mwisho alipima lini? Na shangazi anajua kwamba akiumwa mgongo asimpe diklofenaki ya dukani?

Bajaji Rangi Tatu
Dawa anazo za mwezi mmoja. Na maza anamkorogea unga wa mlonge kila asubuhi kwenye uji, unaongeza damu. Shangazi siyo mtoto.

Zamu ya Usiku
Mlonge ni majani, una vitamini K nyingi, inashindana na hiyo dawa. Hajakatazwa mboga, mchicha na matembele ale, ila kwa kiasi kilekile siku zote. Mkianza au mkiacha ghafla, kipimo kinayumba. Mpeleke kliniki wajue anakula mlonge, na wampime kabla hamjabadilisha chochote. Hukujibu la kupima.

Pilipili Mbuzi
Wakuu mnalishwa chai na mnaomba maandazi. Angalieni: mwanafunzi mrembo, valvu inayolia tik tik, sala isiyokwama, maza mzee. Hiyo ni tamthilia. Na mwezi wa pili huyuhuyu aliandika kwenye uzi wa mikopo kwamba ni mtoto wa pekee. Ngojeni, namba ya M-Pesa inakuja.

Kinoo Mwisho wa Lami
Hata mimi nilihisi. Kijiweni saa hizi unaandika aya ndefu hivyo?

Mjomba Nyundo
Mwaka juzi humu tulichangia mtu wa figo, kumbe figo zake mbili nzima anakunywa bia Sinza. Tangu siku hiyo natoa ushauri tu, ushauri hauna makato.

Dada Mwajuma
Nimeufukua huo uzi wa mwezi wa pili. Aliandika "mtoto wa KIUME wa pekee". Pilipili unasoma kwa macho au kwa miwani ya jirani?

Pilipili Mbuzi
Sawa, wa kiume. Bado naona chai. Mtu mwenye mgonjwa wa kweli hakwepi swali la nesi mara mbili.

Bajaji Rangi Tatu
Namba sijatoa na sitatoa.

Ningekuwa natunga ningejipa sehemu nzuri. Nakwepa swali kwa sababu tarehe yake ya kupima ilikuwa mwezi wa tatu mwishoni na hela ya kupima na ya dawa nilikuwa nayo mimi. Bajaji iliua injini wiki ileile. Nikamwambia tutakwenda ukipona mfuko, vidonge vilivyobaki kunywa siku moja, siku moja acha. Yeye ndiye aliyesema "kaka, hii dawa haifanywi hivyo". Nikamjibu bila bajaji hata hiyo dawa haipo. Wiki sita baadaye akaanguka.

Maza hajui. Mdogo wangu anajua ila hawezi kusema. Nikirudi usiku ananitazama. Sijui kama ananilaumu au anataka maji.

Haya, sasa ni chai?

Bi Sauda wa Pangani
Innalillahi. Mwanangu.

Kinoo Mwisho wa Lami
Daah. Ila mkuu hapo ulikosea sana, hela ya mgonjwa ni amana. Wanaume tujifunze.

Pilipili Mbuzi
Nimefuta neno. Lakini sasa naelewa hiyo safari ya Namtumbo ni ya nani.

Bajaji Rangi Tatu
Usiniambie nia yangu. Kule kuna binti wa shangazi asiye na kazi, atamfanyisha mazoezi. Hapa nani atamfanyisha? Wewe?

Mama Viungo
Hoja ya binti wa shangazi ni nzuri kuliko zote ulizotoa. Muulize binti huyo kama nauli ya kuja Dar ni kubwa kuliko ya mgonjwa kwenda huko, saa zote hizo ndani ya basi. Akikaa hapa miezi miwili nitamwandikia mpangilio, na mnakuja kwangu mara moja kwa wiki mbili nione bega. Sitaki hela.

Zamu ya Usiku
Na kesho asubuhi kabla ya kijiwe, damu ipimwe. Ukifika waambie na hiyo ya siku moja kunywa siku moja kuacha. Hawatakupeleka polisi, wanataka kujua tu. Kama mwisho wake lazima ni Namtumbo, waulize kliniki kama hospitali ya rufaa Songea wanampima kabla hujampandisha basi.

Pilipili Mbuzi
Mkuu upo?

Dada Mwajuma
Mwacheni, yupo barabarani.

Bajaji Rangi Tatu
Nipo. Eti tiketi ya basi ukiahirisha siku moja kabla wanakurudishia yote au nusu?

Mjomba Nyundo
Inategemea na basi. Mimi mara moja niliahirisha safari ya Moshi kwenye ile kesi ya stuli, wakanibadilishia jina tu, hela hawakutoa. Akaja binti mwingine akasafiri na siti yangu.

Bajaji Rangi Tatu
Kwa hiyo jina linabadilishika. Binti wa shangazi anaweza kutumia ya kuja huku?

Mjomba Nyundo
Hiyo ya kugeuza basi zima sijawahi kuona.