Tupeane uzoefu: mkate na kikombe cha Meza ya Bwana, hapa Lubumbashi

Wapendwa, kila mara tunabishana nani ana haki ya kukaribia Meza. Leo tuyaache hayo. Naomba wale wanaoitayarisha, wamama wa sakristia na mashemasi, waseme: mkate wenu ni wa nini, kikombe kina nini, na nini huharibika. Leteni vipimo. Ushuhuda tutapeana siku nyingine.

Sakristia, Kamalondo

Kwetu Wakatoliki hostia, mkate mwembamba wa misa, ni unga wa ngano na maji, basi. Hakuna chumvi, mafuta wala hamira, na ndiyo sababu inanyonya unyevu upesi. Mvua zikishika, hostia zilizoachwa ndani ya karatasi zinalegea, kisha zinaota ukungu. Mkebe wenye kifuniko cha kukaza ndio dawa. Kiangazi mambo yanageuka: zinakauka mpaka ile kubwa ya padri ikivunjwa inarusha vipande. Kwa hiyo korporale, kitambaa kinachotandikwa chini ya hostia na kikombe, inakunjwa kuelekea ndani, ibaki na miraba 9, chembe zisidondoke, na haikung'utwi nje kama kitambaa cha mezani. Vitambaa vya kufutia kalisi (kikombe cha misa) vinasuuzwa kwanza kwa maji matupu, na maji hayo yanamwagwa kwenye udongo safi, si kwenye mtaro. Sabuni inafuata baadaye. Wasichana wapya wa sakristia karibu wote huanza na sabuni.

Yaya wa Kampemba

Na mtu ambaye daktari amemkataza ngano?

Sakristia, Kamalondo

Mwaka 2017 Roma iliandika tena kwa maaskofu: mkate usio na gluteni (protini ya ngano) kabisa haufai kwa Ekaristi, wenye gluteni kidogo unakubalika. Asiyeweza hata kidogo anapokea kwa kikombe peke yake. Lakini angalia, yaya: padri anatumbukiza kipande cha hostia ndani ya kalisi kabla ya komunyo. Basi mtu huyo anahitaji kalisi yake ya pembeni, na lazima amwone padri kabla ya misa. Kwenye mstari ni kuchelewa.

Mama Shemasi, Katuba

Sisi Waadventista tunafanya kwa kawaida mara moja kila robo ya mwaka, na kuoshana miguu kunatangulia. Mkate hauna chachu: unga kikombe 1 (usiokobolewa ni bora), chumvi robo ya kijiko cha chai, mafuta robo kikombe, maji baridi vijiko 2 vya chakula. Mimina maji ndani ya mafuta bila kukoroga, kisha vyote kwenye unga, uchanganye kwa uma mpaka unga ulowe tu. Usikande! Ukikanda kama wa chapati, mkate unakuwa mgumu na wazee watautafuna mpaka wimbo wa mwisho. Sukuma, kata miraba kwa kisu kabla ya kuoka, toboa kila mraba kwa uma, maana mvuke usipopata njia unainua malengelenge. Nyuzi 230 za Selsiasi, dakika 10 hadi 15. Zile 5 za mwisho usiondoke. Unatosha watu 50 hivi. Kura (umeme) ikikatika tunatumia mbabula, jiko la makala: sufuria nzito, makala machache chini, mengi juu ya kifuniko. Ukifanya kinyume, chini kunaungua na juu kunabaki kweupe.

Kikombe ni maji ya zabibu yasiyochachuka. Zabibu kavu zinalowekwa, zinachemshwa, zinachujwa, na hiyo ni kazi ya Ijumaa. Ukiitanguliza Jumatano bila frigo, Sabato utafungua chupa inayotoa povu, na hapo umeshapata divai.

Miguu: wanaume mbali, wanawake mbali, beseni na taulo zihesabiwe mapema. Juni na Julai weka bidoni (dumu) moja ya maji ya moto, asubuhi za hapa mnazijua.

Papa wa Metodisti, komini ya Kenya hapa Lubumbashi

Aksanti, mama. Sisi pia hatutumii kilevi. Mmetodisti mmoja wa Marekani, Thomas Welch, mwaka 1869 alipasha moto maji ya zabibu ndani ya chupa ili yasichachuke, kusudi kanisa lake lipate kikombe kisicho na pombe.

Vikombe vidogo vinabeba mililita 15 hivi. Jaza nusu tu: lita 1 inafika watu 120, na sinia halimwagiki likipita mkono kwa mkono. Mimina kwa birika lenye mdomo mwembamba. Soda nyekundu siipendi. Inafura, inafurika, inanata kwenye sinia, na nzi wanafika kabla ya mchungaji.

Ndugu wa Garenganze

Kwetu ni kila Jumapili, tangu mapokeo ya wamisionari akina Arnot waliofika Bunkeya, hapa Katanga, mwaka 1886. Mkate ni mmoja mzima, kwa sababu ya 1 Wakorintho 10:17. Ukiwa wa leo asubuhi unavutika kama mpira, basi nunua wa jana, na upasue ganda la chini kidogo kwa kisu ili anayeumega asipigane nao mbele ya watu.

Mkimbangu, Ruashi

Msitusahau. Papa Simon Kimbangu, mwanzilishi wa kanisa letu, alifia gerezani katika mji huu huu tarehe 12 Oktoba 1951. Meza yetu ilianza Nkamba, kijiji chake, tarehe 6 Aprili 1971, na haina ngano wala zabibu: mkate ni wa viazi, mahindi na ndizi, kikombe ni asali na maji. Vyote vinatoka shambani kwetu. Baridi ikigandisha asali, simamisha chupa ndani ya maji ya vuguvugu, usiitie motoni.

Yaya wa Kampemba

Na mgonjwa wa hospitali?

Sakristia, Kamalondo

Mfungo wa saa 1 haumbani mgonjwa, wala anayemlinda. Asiyeweza kumeza vizuri mpe chembe ndogo ya hostia pamoja na kijiko cha maji. Muulize muuguzi kwanza kama anaruhusiwa kunywa.